Barua ya wazi kwa Seneta Robert Owen: mswada wa fedha utoke kamatini

Oklahoma, Novemba 1913

Mheshimiwa Seneta,

Kwa heshima zote, subira imetuishia kuungoja mswada wa fedha, ule wa kuunda benki za akiba za mikoa zitakazozikopesha benki zetu.

Juzi benki ya mji wetu ilikataa kuniongezea muda wa deni. Marobota yangu ya pamba yamelala nje ya kiwanda cha kuchambulia, yananyeshewa. Mnunuzi anayataka, ila hana fedha mpaka benki imkopeshe, na benki inasema akiba yake iko New York. Pamba ipo, mnunuzi yupo, noti hakuna. Waliochuma wananidai, na ng'ombe wetu wa maziwa tumeshamuuza tulipe riba.

Wewe uliyeanzisha benki Muskogee unalijua hili kuliko mimi. Noti za benki zetu zinatolewa kwa dhamana ya hatifungani za serikali. Mazao yakiwa mengi, noti haziongezeki, na kila vuli tunazigombania. Naamini wapo wakubwa wa New York wanaonufaika na uhaba huu, maana sisi ndio tunaolazimika kuuza kwa bei ya kutupa.

Oktoba 1907 Knickerbocker Trust, kampuni kubwa ya kuweka amana, ilipofunga milango kule New York, huku tulilipwa vyeti vya karatasi badala ya fedha, na wenye maduka wakavikata thamani. Ndiyo siku hizo tulizokuwa tukingoja kuwa jimbo! Tukaambiwa tusubiri. Mwaka 1908 ikaundwa tume ya fedha ya Seneta Aldrich, ikaenda hadi Ulaya, ikarudi na mpango wa kuwaachia wenye mabenki usukani. Chama chako cha Democratic kiliukataa mpango huo katika mkutano wake wa Baltimore mwaka jana, kikaahidi kurekebisha sheria za mabenki na kutukinga na genge la wenye fedha. Tuliwapa kura kwa ahadi hiyo, Mheshimiwa. Kwa ahadi hiyo.

Juni 23 Rais Wilson alikwenda mwenyewe Bungeni kuwahimiza. Septemba 18 Baraza la Wawakilishi likapitisha mswada kwa kura 287 dhidi ya 85. Tangu hapo uko mikononi mwa kamati yako ya mabenki ya Seneti. Wenye mabenki wamesikilizwa wiki nenda wiki rudi. Mwenye deni la mbegu na nyumbu wa kulimia atasikilizwa lini?

Benki za akiba za mikoa ziwe 4 au ziwe 12, hilo mtaamua ninyi. Ninachoomba ni kwamba hati ya deni la mkulima ipokelewe huko kama dhamana hata ikiwa ya miezi sita, ili benki yetu ndogo ipate noti za kutukopesha. Deni la siku 90 linamfaa mwenye duka. Pamba inapandwa masika na kuvunwa vuli. Ndani ya siku 90 haijapasuka hata tumba moja.

Utoeni mswada huo kamatini upigiwe kura kabla ya Krismasi. Deni langu linaiva Januari, na benki imeshaniambia itachukua nyumbu. Nisipokuwa na nyumbu, silimi mwakani. Utoeni, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mkulima wa pamba