Besi ya pop ya leo ina wazee wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie muziki wa pop wa kielektroniki. Makala nyingi za burudani huuchukulia kuwa ni zao la kompyuta. Kompyuta iliukuta umeshapata umbo. Besi inayokimbia bila kuchoka, mdundo usioyumba, sauti moja ya kinanda inayobeba kiitikio: hayo yote yalikwisha kupangwa kati ya mwaka 1974 na 1983, na watu waliokuwa na mashine zenye uwezo mdogo mno.

Udogo huo ndio uliozaa mtindo. Minimoog, sinthesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme) ya mwaka 1970, hutoa noti moja tu kwa wakati. Bonyeza noti tatu, italia moja. Haikuwa na kumbukumbu, hivyo kila sauti ilitafutwa upya kwa mkono. Kundi la Kraftwerk la Düsseldorf, Ujerumani, halikuweza kurundika sauti juu ya sauti kwa mashine kama hiyo. Wanamuziki wake walipanga mistari miembamba, kila mmoja na nafasi yake, na sikio likaisikia yote. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na wenzake huko New York walichukua melodi ya "Trans-Europe Express" na mdundo wa "Numbers", nyimbo za Kraftwerk, wakaviweka juu ya mashine ya ngoma ya Roland TR-808. Wimbo huo, "Planet Rock", uliifungulia hip hop mlango ambao hadi leo haujafungwa.

Prodyuza Giorgio Moroder naye, mjini Munich mwaka 1977, alitumia sinthesaiza ya Moog karibu kwa kila kitu katika "I Feel Love" ya Donna Summer. Ngoma kubwa peke yake ilipigwa na binadamu, Keith Forsey, kwa kuwa mashine haikutoa kishindo cha kuridhisha. Besi ilichezwa na sikwensa, kifaa kinachopiga chenyewe noti zilizopangwa, kisha mwangwi ukawa unaijibu kila noti, ikasikika kama imekimbia mara mbili.

Prodyuza yeyote anaweza kuijaribu mbinu hiyo leo kwa programu ya kawaida. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, besi ipige noti mbili kwa kila pigo, yaani moja kila milisekunde 250. Weka mwangwi kwenye milisekunde 125, urudi mara moja tu, usikike karibu kwa nguvu ileile ya noti halisi. Kosa la kwanza ni kuuacha urudi mara tatu au nne: noti zinapandana na besi inageuka tope. Besi ukiiweka kushoto na mwangwi kulia, ondoa kwenye mwangwi masafa yaliyo chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 150 na yale ya besi yenyewe yabaki katikati. La sivyo, uzito wa wimbo utaegemea spika moja.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulitambua. Wengi huweka oskileta mbili, yaani vyanzo viwili vya sauti ndani ya sinthesaiza, za wimbi la msumeno (lenye sauti kali), ya pili wakaipandisha senti 5 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni) ili sauti inenepe. Kwenye melodi ya juu inapendeza sana. Kwenye besi ya hezi 110, tofauti hiyo hufanya sauti ivimbe na kunywea mara moja kila sekunde tatu hivi, wakati noti ni fupi kuliko hapo. Kila noti basi inaangukia sehemu tofauti ya mvumo huo: moja nzito, nyingine dhaifu, na prodyuza anahangaika bure na kompresa, kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti. Tiba ni kutumia oskileta moja kwenye besi, au kuamuru zote mbili zianze upya kila noti inapopigwa.

Sauti zilizopikwa tayari, zenye oskileta saba au nane kila moja, huharibu kwa namna nyingine: zinameza nafasi ya mwimbaji. Sikiliza albamu ya "Dare" ya kundi la Uingereza la The Human League, ya mwaka 1981. Sinthesaiza zinapishana na sauti za waimbaji, haziwafuniki, na ngoma za mashine ya Linn LM-1 ni kavu, hazina mwangwi mwingi.

Ombi langu kwa waandishi wa safu yenu ya muziki: mnapochambua albamu mpya ya pop, tuambieni besi yake imetengenezwaje na mdundo umetoka kwenye mashine gani, pamoja na nani aliyeitumia kwanza. Msomaji anayetaka kujifunza kazi hii anahitaji hayo kuliko habari za mavazi ya msanii.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa sinthesaiza