Safari ya Mafia: Uwanja wa Ndege wa Kilindoni na Mizigo

Ndugu wanakikundi,

Assalaam aleikum na habari za jioni. Kwa kuwa wengi wenu mmeuliza kuhusu mizigo, naomba tulimalize suala hili mapema. Ndege itakayotupeleka kisiwani Mafia ni Cessna Caravan ya injini moja, ambayo kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa kila abiria, na sehemu yake ya mizigo iliyo chini ya tumbo la ndege ni nyembamba kiasi kwamba sanduku gumu la magurudumu huenda likaachwa Dar es Salaam hata kama uzito wake umekubalika. Chukueni begi laini. Msishangae mkiombwa kupanda mizani ninyi wenyewe, kwani rubani hupanga viti kwa kuzingatia uzito.

Anayependa kupiga picha akae dirishani, maana delta ya Rufiji na mikoko yake huonekana vizuri kabla ya kuvuka mlango wa bahari. Uwanja wa Kilindoni una njia ya lami na uko mjini kabisa. Watakaolala Kilindoni wanaweza kwenda kwa miguu, ila wanaoelekea kijiji cha Utende watapita kwenye geti la Hifadhi ya Bahari, ambako hulipiwa ada ya kiingilio, hivyo vitambulisho viwe karibu.

Mifuko ya plastiki isibebwe, kwani imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Atakayependelea boti itokayo Nyamisati, upande wa bara, badala ya ndege anijulishe kabla ya Ijumaa.

Mratibu