Matembezi ya Montmartre, Jumamosi asubuhi

Ndugu wanakikundi,

Tutakutana saa 3:30 asubuhi nje ya kituo cha metro cha Abbesses, Paris. Naomba mpande kwa lifti, kwa kuwa kituo hicho kiko mita 36 chini ya ardhi na ngazi zake zitawachosha kabla hata kilima cha Montmartre hakijaanza. Kiongozi wa matembezi hupokea watu wanane tu, hivyo atakayeshindwa kufika aniarifu mapema.

Tutaanzia Bateau-Lavoir, jengo la studio za wasanii, ambako Picasso alichora Les Demoiselles d'Avignon mwaka 1907. Jengo lenyewe liliteketea mwaka 1970, kwa hiyo msitarajie kuona mengi zaidi ya uso wake wa mbele. Muda mrefu tutautumia 12 rue Cortot, ambayo sasa ni makumbusho, mahali mchoraji Renoir alipofanyia kazi mwaka 1876 na ambapo baadaye aliishi Suzanne Valadon, aliyeanza kwa kuketi mbele ya wachoraji ili wamchore, kisha akashika brashi mwenyewe. Kwa maoni yangu, nyumba hiyo peke yake inatosha kuhalalisha safari.

Place du Tertre, uwanja wa wachoraji, tutapita tu; atakayetaka kuchorwa sura aulize bei kabla ya kuketi. Tafadhali vaeni viatu visivyoteleza, maana njia ni za mawe.