Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Upimaji wa Mawimbi ya Redio

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Klabu yetu imejikita katika kupima mawimbi ya redio karibu na vituo vidogo vya mtandao wa simu, vile vinavyofungwa kwenye nguzo za taa na kuta za majengo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vituo hivi hurusha mawimbi kwa nguvu ndogo, mara nyingi wati chache tu, lakini hufungwa chini kuliko antena za minara mikubwa, na watu hupita karibu navyo. Kwa hiyo mzazi mwenye wasiwasi kuhusu mawimbi haya hajibiwi kwa kutajiwa wati za kituo. Ajibiwe kwa kipimo kilichochukuliwa pale anaposimama.

Kitambuzi cha kifaa chetu cha kupimia kina antena ndogo tatu zinazoelekea pande tatu, ili wimbi lisomwe litokako kokote. Hukiweka juu ya stendi isiyo ya chuma, kimo cha mita 1.5, kisha mpimaji hurudi nyuma, kwa kuwa mwili wake hunyonya na kuakisi mawimbi. Simu yake huzimwa kabisa, maana simu iliyo mfukoni inaweza kuupandisha usomaji kuliko kituo chenyewe, jambo ambalo wageni wetu huwa hawaliamini mpaka walione. Tunapima sehemu kadhaa, tena saa ambazo watumiaji ni wengi, kwa sababu kituo chenye kazi nyingi hurusha zaidi.

Changamoto yetu ni kwamba kifaa hiki hujumlisha mawimbi yote, yawe ya simu, ya redio au ya Wi-Fi. Mwongozo wa mwaka 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi kama hii ya redio, unaweka viwango vya juu vya nguvu ya mawimbi kwa umma kulingana na masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde: takriban volti 41 kwa mita kwenye megahezi 900, na 58 kwenye megahezi 1800, kwa wastani wa dakika 30. Jumla isiyotenganishwa haiwezi kulinganishwa sawasawa na viwango hivyo.

Tunaomba, kwa heshima, utusaidie kupata, hata kwa kuazima, kifaa kinachotenganisha masafa na chenye cheti hai cha uhakiki, pamoja na mtaalamu wa kutufundisha kukitumia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.