Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: Tushike mchoro upi?

Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi,

Nakuandikia kutoka Moshi. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye saiti za hapa na za Arusha. Naomba nchi yetu iwe na kiwango cha taifa cha kusimamia taarifa za majengo kidijitali, kinachotumika kweli, na majengo ya umma yawe ya kwanza kukifuata.

Mwaka juzi tulipewa kazi ya kukarabati jengo la umma la ghorofa mbili hapa mjini. Ilibidi tutoboe slabu ili bomba la maji machafu lipite. Kwenye simu nilikuwa na michoro mitatu, yote imekuja kwa WhatsApp: mmoja umeandikwa "wa mwisho", mwingine "wa mwisho mpya", wa tatu hauna hata tarehe. Tukaufuata wa pili. Mashine ikakata bomba la maji safi lililozikwa ndani ya zege, maji yakashuka hadi ofisi za chini, mafaili ya watu yakaloa. Bomba lile halikuwamo katika mchoro wowote kati ya ile mitatu. Lilihamishwa wakati wa ujenzi, na msimamizi wa saiti aliyejua lilikopitishwa alikuwa ameshafariki. Kazi ilisimama siku 11. Kijana aliyeshika mashine alilia, akidhani amekosea. Hakukosea.

Watu wakisikia BIM, yaani huo usimamizi wa taarifa za jengo kidijitali, hufikiria picha ya jengo inayozungushwa kwenye kompyuta. Kwangu mimi faida kubwa iko kwenye utaratibu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwishoni mwa 2018, kinataka kila faili lijulikane liko hatua gani: bado linachorwa, limepewa wenzako walipitie, limeidhinishwa kutumika, au limewekwa kumbukumbu. Jina lake lenyewe likueleze ni la mradi gani, limetoka kwa nani, ni la sehemu ipi ya jengo. Na mwenye jengo anatakiwa aseme tangu mwanzo atakabidhiwa taarifa zipi. Kwa utaratibu huo, bomba likihamishwa, linahama na kwenye kumbukumbu.

Kiwango hicho kinaacha nafasi kwa kila nchi kuweka kiambatisho chake. Waingereza wana chao, na sipendi tukinakili neno kwa neno, maana sisi tuna TBA ya majengo ya serikali, tuna TARURA ya barabara za vijijini na mijini, tuna halmashauri, na tuna namna yetu ya kugawana kazi kati ya mbunifu, mhandisi na mkadiriaji majenzi. Shirika la Viwango na Baraza la Taifa la Ujenzi wakikaa na bodi za usajili, wataalamu wa kukiandika wapo humu humu nchini. Muda pia utolewe. Uingereza ilitangaza nia yake ya kutumia BIM 2011, ikaanza kuilazimisha miradi ya serikali kuu Aprili 2016.

Wakandarasi wadogo wanaogopa gharama, na wana haki, kwa sababu leseni za programu za kompyuta za BIM ni ghali sana. Kwa hiyo kiwango kitamke kuwa modeli za majengo za kidijitali zitakabidhiwa kwa mfumo wa wazi wa IFC, ambao nao ni kiwango cha ISO, usiomfunga mtu kwenye programu ya kampuni moja. Na mwongozo wake uandikwe kwa Kiswahili. Hili nalisisitiza, Mheshimiwa: anayetoboa slabu si yule mwenye kompyuta.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Julai 2007 ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi upande wa mlima Gelai, jirani na volkano ya Oldoinyo Lengai, na tetemeko kubwa kuliko yote lilifikia ukubwa wa 5.9. Mhandisi akiitwa baada ya hapo kukagua nguzo yenye ufa, atataka kujua ndani mna nondo ngapi na za milimita ngapi. Kama michoro ya jengo lilivyojengwa haipo, itambidi akisie, au abanje zege achungulie.

Arusha imepewa uwanja wa Olmoti wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027. Naomba makabidhiano yake yawe na taarifa zake zote, kila bomba na kila waya, zihifadhiwe serikalini mahali ambapo fundi wa mwaka 2050 ataweza kuzifungua.

Rasimu ya kiwango ikitolewa kwa maoni ya wananchi, nipo tayari kupanda basi la alfajiri nije Dodoma na ile michoro mitatu. Bado ninayo kwenye simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi sanifu wa majengo, Moshi