Waziri asivuliwe cheo kwenye televisheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya Sudan Kusini, jirani na mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, ambayo sisi wafanyabiashara wa Eldoret tunaijua kwa foleni ya malori pale Nimule, mpakani na Uganda.

Mwaka 2013 nilikuwa na duka la saruji na mabati Juba. Tarehe 23 Julai televisheni ya taifa ilisoma amri za Rais Salva Kiir: Makamu wake, Riek Machar, ameondolewa, na baraza zima la mawaziri limevunjwa. Baadhi ya wateja wangu walifurahi, maana ufisadi ulikuwa umewachosha. Rais ana mamlaka ya kumwondoa waziri, hilo silipingi.

Lakini wakubwa wengi wa Juba walitoka msituni na vyeo vya kijeshi, na kila mmoja ana vijana wanaomwita kamanda hadi leo. Ukimvua cheo mtu wa namna hiyo hadharani, umewavua na vijana wake. Huyo ndiye wa kuitwa faraghani, aketishwe, aombwe kujiuzulu, apewe siku kadhaa za kuzungumza na watu wake.

Usiku wa Jumapili, 15 Desemba mwaka huohuo, risasi zikaanza kulia kwenye kambi ya walinzi wa Rais. Kesho yake Kiir akatokea kwenye televisheni amevaa kombati badala ya suti na ile kofia yake nyeusi, akasema ni jaribio la mapinduzi. Machar alikana. Kijana aliyekuwa akinipakulia saruji, Mnuer wa kabila moja na Machar, alikuja dukani alfajiri amejifunga kitambaa chini kabisa hadi kwenye nyusi. Alikuwa anaficha zile chale za kipaji cha uso walizomchanja kwa fahari alipobalehe. Nilimlaza nyuma ya mifuko siku mbili, mlango wa chuma umefungwa, tukinong'ona. Vita ile inakadiriwa kuwa iliua watu karibu 400,000 hadi 2018, kwa risasi, njaa na maradhi.

Kujiuzulu si kufa kisiasa. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani wa Tanzania mwaka 1977, kwa sababu ya mahabusu waliofia mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Aliondoka na heshima yake, na nchi ikalala salama.

Juba haijajifunza. Februari 2025 makamu wawili wa rais waliondolewa kwa amri. Machi, baada ya mapigano ya mji wa Nasir, Machar, aliyekuwa amerudi kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, akazuiliwa nyumbani kwake, naye waziri wa mafuta wa chama chake, Puot Kang Chol, akakamatwa; Septemba wote wawili wakafunguliwa mashtaka, na Machar akasimamishwa kazi. Kama wana kosa, mahakama iseme. Ila mkataba wa amani wa 2018, kati ya Kiir, Machar na wenzao, unakipa kila chama haki ya kupendekeza mawaziri wake, na amri hizi zinaukata mkataba huo kipande kwa kipande huku majeshi yao bado hayajaunganishwa sawasawa. Marehemu Raila Odinga alipotumwa huko Machi hiyo alionana na Kiir, lakini hakuruhusiwa kumwona Machar. Viongozi wetu walilimeza hilo kimyakimya, na mimi liliniuma sana.

Nawasihi wakuu wa nchi za Jumuiya wamwambie Rais Kiir uso kwa uso: mtu wa upande wa pili asiguswe kabla chama chake hakijaitwa mezani, na anayetakiwa kuondoka aombwe kwanza.

Yule kijana sasa ni baba wa watoto watatu, yuko kambini Kakuma, na Kiswahili chake kimenyooka. Kila amri mpya inaposomwa Juba hunipigia simu. Haanzi hata na salamu siku hizi: "Mzee, leo wamemtoa nani?"

Mfanyabiashara,
Eldoret