Kabla ya kuhesabu watalii Lamu, tuwahesabu wenye mji

Mhariri,

Msimu wa watalii ukikaribia, hapa Lamu husikii ila hoja moja: tufanye nini wageni waongezeke. Siilaumu hoja hiyo. Baada ya utekaji nyara wa 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, hoteli zilifungwa, vijana wa mashua wakashinda gatini bila kazi, na kafyu ikamaliza kilichosalia. Lakini naomba nafasi katika ukurasa wako niwaeleze wasomaji habari za mahali ambapo dua kama hii ilijibiwa kupita kiasi.

Hallstatt ni kijiji cha Austria kilichobanwa kati ya ziwa na milima ya Dachstein. Wakaazi wake hawafiki 800. Nyumba zimepandana ubavuni mwa mlima kwa kukosa uwanda, na hadi mwishoni mwa karne ya 19 watu walifika huko kwa mashua au kwa vijia vya mlimani. Hata leo kituo cha treni kiko ng'ambo ya ziwa. Abiria akishuka, huvushwa kwa boti. Mtu wa Amu hahitaji kufafanuliwa hilo. Sisi nasi ndege yetu hutua Manda, basi letu huishia Mokowe, kisha ni maji. Wao waliishi kwa chumvi, wakiichimba mlimani tangu maelfu ya miaka, kama tulivyoishi sisi kwa majahazi na boriti. UNESCO iliwaingiza katika orodha ya urithi wa dunia 1997, na sisi ikatuingiza 2001.

Sasa sikilizeni yaliyowafika. Siku za msimu kijiji hicho hupokea hadi watu 10,000 kwa siku moja, yaani kila mwenyeji na wageni wake kumi na wawili na zaidi. Mwaka 2012 kampuni moja ya China ilizindua nakala ya kijiji hicho mkoani Guangdong, na bado watu wakaendelea kumiminika kwenye kile cha asili. Mwaka 2020 mabasi ya watalii yalianza kuwekewa nafasi za kuingia. Mei 2023 palisimamishwa ukuta wa mbao mahali wanapojazana wapiga picha, ili kuziba mandhari; kelele zikawa nyingi, ukaondolewa. Agosti ya mwaka huohuo wenyeji walitoka wakaziba njia ya handaki linalopita chini ya mlima, wakidai wageni wawekewe kikomo kwa siku na mabasi yasiingie baada ya saa kumi na moja jioni.

Makaburi yao nayo ni finyu mno hata ikawa desturi kufukua mifupa baada ya miaka kadhaa na kuihifadhi katika nyumba maalumu. Humo mna mafuvu zaidi ya 600 yaliyopambwa kwa rangi. Kwetu hilo halifikiriki, ila najiuliza: mji uliokosa nafasi ya maiti, nafasi ya mabasi ungeitoa wapi?

Msongamano, hata hivyo, sio unaonitisha. Lamu haijafika huko, na kwa hali ilivyo huenda isifike karibuni. Kinachonitisha ni ile hesabu ya watu wasiofika 800, kwa kuwa imekuwa ikishuka miongo kwa miongo huku ya wageni ikipanda. Mji unaweza kusifiwa dunia nzima na huku wenyewe wanauhama.

Kwetu takwimu zinatudanganya kwa namna nyingine. Sensa ya 2009 iliihesabia Kaunti ya Lamu watu 101,539, na ya 2019 ikapata 143,920. Ukisoma hivyo utasema tunajaa. Lakini kaunti ni pamoja na Hindi, Witu na Mpeketoni, mashamba ya bara, na pande za bandari mpya iliyoanza kazi 2021. Takwimu hiyo haikwambii lolote kuhusu Mkomani, mtaa wetu wa mji wa kale. Tembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kisha upande vichochoro vya juu baada ya isha, uhesabu madirisha yenye taa. Nyumba nyingi za mawe zina mlinzi tu. Mwenyewe yuko Ulaya na huja kwa wiki chache. Zimekarabatiwa vizuri, sikatai, pengine kuliko ambavyo tungeweza sisi. Lakini hazina mtoto anayekwenda chuo cha Kurani, wala mzee wa kukaa barazani, wala jirani wa kuazimwa mbuzi ya kukunia nazi.

Hapa wengi hukimbilia kumlaumu mgeni mwenye pesa. Mimi naona mlango umefunguliwa kutoka ndani. Nyumba ya babu ina warithi kumi na kitu: wengine wako Mombasa, wengine Uarabuni, mmoja anaishi humo na mamake. Chokaa inabanduka, boriti zimeoza, na kanuni za mji wa kale hazimruhusu kuweka mabati na matofali ya saruji, na ni sawa kabisa zisimruhusu. Fundi wa chokaa ni ghali. Boriti nazo zilipanda bei pale marufuku ya ukataji miti ya 2018 ilipowafikia hadi wakata mikoko wetu. Warithi wanataka haki yao, na sheria inawapa. Yule anayeishi humo hana uwezo wa kuzinunua sehemu za wenzake. Anatokea mnunuzi na fedha taslimu, kila mtu anatia saini, na mama anahamia mtaa mwingine, Langoni au Wiyoni, kupanga vyumba viwili. Hakuna aliyefanya uovu, na mtaa umepungua nyumba moja.

Ndiyo maana nashangaa bajeti za utalii hutaja tamasha, mabango na mashindano ya punda, lakini sijaona fungu la kumkopesha mrithi anayetaka kubaki. Mkopo usio na riba, nyumba yenyewe ikiwa dhamana, ungeokoa nyumba nyingi kuliko tamasha lolote. Na wakfu tunaujua tangu mababu. Nyumba ikishawekwa wakfu kwa ajili ya kizazi haiuzwi. Masheikh wetu, ambao siku za Maulidi husikilizwa na maelfu, wangelizungumza hili mimbarini lingefika mbali kuliko barua yangu.

Mambo ya maji nayagusa tu, maana yanataka barua yake. Maji matamu ya mji huu yanatoka chini ya michanga ya Shela. Anayepanga kuongeza vitanda vya wageni aseme kwanza visima vile vinabeba watu wangapi.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti na ofisi ya makumbusho ni dogo. Mji uliosajiliwa na UNESCO ni hekta 16 hivi tu. Makarani wachache wanaweza kuumaliza nyumba kwa nyumba. Waandike ipi inakaliwa na wenyewe, ipi imepangishwa, ipi imefungwa, ipi inabomoka, kisha watoe hesabu hiyo mtaa kwa mtaa, hadharani. Sensa ijayo, ikifuata desturi ya miaka kumi, ni 2029, na hata hiyo itatuchanganya tena na bara. Wasiingoje.

Mkaazi wa Mkomani,
Lamu